Lule alionewa? Dhana potofu kuhusu serikali ya Uganda baada ya Amin

Uganda ya 1979, baada ya Idi Amin kung'olewa, ikitajwa darasani, hoja ya kwanza huwa ileile: Yusuf Lule alikuwa rais, kazi ya rais ni kuteua mawaziri, kwa hiyo alionewa alipoondolewa madarakani kwa kuwateua. Imesemwa mno, na inawafanya watu wazisome vibaya serikali zote za mpito zilizofuata.

"Rais ni rais, anateua amtakaye." Rais wa mpito hana kura za wananchi za kuegemea. Madaraka yake yanatoka kwenye makubaliano ya waliomweka. Ya Uganda yalifikiwa Moshi, Tanzania, Machi 24 hadi 26, 1979, jeshi la Tanzania (JWTZ) na wapiganaji wa Uganda wakiwa bado hawajaingia Kampala. Vikundi vya Waganda waliokuwa uhamishoni viliunda chombo kimoja, UNLF (Uganda National Liberation Front), na Lule akawa mwenyekiti wake. Lakini hawakumwachia peke yake. Waliweka Baraza la Mashauriano la Taifa, wajumbe 30 chini ya Edward Rugumayo, lifanye kazi ya bunge. Wajumbe hao walishika msimamo kwamba uteuzi wa mawaziri lazima upite kwao uidhinishwe.

Kampala ikaanguka Aprili 11, Lule akaapishwa Aprili 13. Hapo ikaingia karatasi ya pili: Katiba ya 1967, inayompa rais madaraka makubwa ya uteuzi. Lule akashika hiyo, Baraza likashika ya Moshi. Mwanzoni mwa Juni akapangua mawaziri bila kupeleka majina. Baraza likadai yaletwe, naye akashikilia kwamba uamuzi ni wake. Juni 20, siku 68 tangu kiapo, wakapiga kura ya kumwondoa na kumweka Godfrey Binaisa.

Upande wa Lule una hoja ya kisheria, sikatai. Ninachokataa ni kulimaliza jambo hili kwa neno "alionewa", kwa sababu linaficha ubovu wenyewe: karatasi mbili ziliachwa zitumike pamoja bila kusemwa ipi inatangulia. Kifungu cha uteuzi kinapaswa kujibu mambo manne. Nani anapendekeza jina? Nani anaidhinisha, na ndani ya siku ngapi? Jina likikataliwa, je, aliyeteuliwa anaendelea kukaimu? Na wawili hao wakikwama, nani anaamua? Uganda ilikosa jibu la hilo la mwisho, na Lule akaanguka hapo hapo.

Ndiyo maana nasisitiza: ukipata hati ya serikali yoyote ya mpito, ruka dibaji na orodha ya majina, nenda moja kwa moja kwenye kifungu cha uteuzi. Chukua Sudan baada ya kuanguka kwa Omar al-Bashir. Hati ya Katiba ya Agosti 2019 ilisema mawaziri wasizidi 20, waziri mkuu awateue kutoka orodha ya muungano wa kiraia, isipokuwa wa ulinzi na wa mambo ya ndani, ambao watapendekezwa na wanajeshi walio kwenye Baraza la Utawala. Aliyekisoma kifungu hicho alijua tangu siku ya kwanza kwamba bunduki hazikuwa mikononi mwa waziri mkuu, Abdalla Hamdok. Oktoba 25, 2021 wanajeshi wakamkamata.

"Nyerere ndiye aliyemtoa Lule." Jeshi la Tanzania ndilo lililoushika mji, kwa hiyo hakuna lililowezekana kama Dar es Salaam ingelipinga, na Lule alipelekwa huko huko baada ya kuondolewa. Kura, hata hivyo, zilipigwa na Waganda. Na Waganda wengine waliingia barabarani Kampala kumtetea.

"Utawala ukianguka, sheria zake zinakufa nao." Hapana. Tangazo la Kisheria Namba 1 la 1979 liliirudisha Katiba ya 1967 pamoja na marekebisho. Mahakama na watumishi wa umma hawasubiri katiba mpya ndipo wafanye kazi.

"Mwenye wizara ya ulinzi ndiye mwenye jeshi." Novemba 1979 Binaisa alimhamisha Yoweri Museveni kutoka wizara ya ulinzi kwenda ushirikiano wa kikanda, na serikali ikaendelea. Mei 1980 alijaribu kumwondoa mnadhimu mkuu wa jeshi, David Oyite-Ojok, ampeleke nje kuwa balozi. Safari hii ni Binaisa aliyeondoka: Tume ya Kijeshi chini ya Paulo Muwanga ikachukua nchi. Waziri huwekwa kwa barua. Mnadhimu anajulikana na makamanda wa vikosi kwa jina na sura, na amri zake zinafika kambini.

"Ya muda haidumu." Amin mwenyewe, Januari 1971, alisema serikali yake ni ya muda hadi uchaguzi. Akakaa miaka minane.

"Tarehe ya uchaguzi ikishatangazwa, mpito umekwisha." Uganda ilipiga kura Desemba 10 na 11, 1980. Kura zikiwa bado zinahesabiwa, Muwanga alitoa tangazo kwamba matokeo yasitolewe na yeyote bila yeye kuridhia, kisha chama cha UPC cha Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, kikatangazwa mshindi. Hakukuwa na chombo ndani ya mpito ule chenye uwezo wa kumzuia, kwa sababu Tume yake ndiyo iliyokuwa ikitunga sheria.