Shirikisho la taifa la kuogelea ni nini hasa?

Shirikisho la taifa la kuogelea ndilo linalosimamia mchezo huo nchi nzima: linasajili klabu, linawapa makocha na waamuzi vyeti, linaandaa mashindano ya taifa na kuteua timu. Kila nchi huwa na moja tu linalotambuliwa na World Aquatics, chombo cha dunia kilichoundwa London mwaka 1908 na kuitwa FINA hadi 2023. Makundi mawili yakigombea uongozi wa shirikisho, wanaoumia ni waogeleaji.

Maneno "michezo ya majini" huwachanganya wengi. Humo mna kuogelea bwawani, kuogelea masafa marefu ziwani au baharini, kuruka majini kutoka ubaoni, polo ya majini, na kuogelea kwa sanaa, kule wachezaji wanakofuata muziki. Kupiga makasia hamna, wala mashua za tanga. Hiyo ina mashirikisho yake. Kwa kifupi, hapa anayepambana na maji ni mwili wenyewe, si chombo.

Nikiulizwa kazi yake kubwa ni ipi, nitasema ni kuufanya muda wa mwogeleaji uaminike. Kocha anaweza kusimama ukingoni na saa yake, mtoto akaogelea vizuri ajabu, na muda ule usihesabiwe popote. Ili utambuliwe, mashindano lazima yawe yameidhinishwa, bwawa liwe na urefu sahihi, na waamuzi wawe kazini. Kwenye mtindo wa chura, kwa mfano, mwogeleaji anapofika ukutani lazima auguse kwa mikono yote miwili kwa pamoja. Mkono mmoja ukitangulia, anaondolewa, hata kama aliwaacha wenzake mbali. Inauma, lakini bila jicho hilo muda hauna maana.

Hata bwawa lenyewe hubadilisha hesabu. Katika mita 100, kwenye bwawa la mita 25 mwogeleaji hugeuka ukutani mara tatu, na kila kugeuka ni nafasi ya kujisukuma kwa miguu. Kwenye la mita 50 hugeuka mara moja tu. Ndiyo maana rekodi za mabwawa hayo mawili hutunzwa kando kando, na muda wa bwawa fupi haumfikishi mtu Olimpiki.

Mavazi nayo yana kanuni. Kwenye mashindano ya dunia ya Roma, mwaka 2009, rekodi 43 za dunia zilivunjwa, wengi wakiwa wamevaa suti za polyurethane, aina ya plastiki, zilizowasaidia kuelea. Kuanzia 2010 zikapigwa marufuku. Kanuni hushuka kutoka juu, lakini anayemkagua mwogeleaji kabla hajapanda kwenye jukwaa la kuanzia ni mwamuzi aliyefundishwa na shirikisho la nchi yake.

Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliogelea mita 100 kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 kwa dakika 1 na sekunde 52.72, peke yake bwawani baada ya wenzake wawili kuondolewa kwa kuanza mapema. Aliingia kwa nafasi maalumu ya nchi ambazo mchezo huu haujakua. Nafasi za namna hiyo bado zipo, ila siku hizi anayeziomba hutakiwa awe ameshiriki mashindano ya dunia, na anayempeleka huko ni shirikisho lake. Likizembea kumwandikisha kwa wakati, kasi yake haitamsaidia.