Neno refu la Kidenmaki: lielewe kutoka mwisho, litamke kutoka mwanzo

Arbejdsløshedsunderstøttelse. Herufi 28, silabi tisa, neno moja. Maana yake ni posho ya asiye na kazi, na mtu akilisoma kwa mazoea ya Kiswahili huliharibu mara mbili: hutafuta kichwa cha neno (sehemu inayobeba maana kuu) mwanzoni na hutia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho.

Kiswahili husema "posho ya…", kichwa mbele. Kidenmaki hugeuza: kichwa hukaa mwisho. Hapa ni understøttelse, msaada wa fedha. Kabla yake kuna arbejde (kazi), -løs (-sio na) na -hed, kiambishi kinachounda nomino dhahania. Jinsia ya nomino (en au et) nayo hufuata kichwa: ni et arbejde, lakini en arbejdsplads, kwa sababu plads huchukua en.

Mahali sehemu za neno zinapoungana nipatafuteje? Mimi huwinda s. Arbejde imedondosha e na kupokea s. -Hed nayo imepokea s. Nomino zinazoishia -hed, -skab, -ing au -tion zikitangulia, karibu kila mara hufuatwa na s hiyo. Tena kuna kidokezo kizuri zaidi: glasi ya divai ni vinglas, bila s, ila glasi ya divai nyekundu ni rødvinsglas. Sehemu ya kwanza ikiwa yenyewe ni neno ambatani, s mara nyingi hujitokeza kuonyesha mshono mkuu ulipo: rødvin + glas, wala si rød + vinglas. Ukikata neno mwishoni mwa mstari, s hubaki upande wa kushoto.

Sasa mkazo. Mkazo mkuu huangukia sehemu ya kwanza: AR-bejds-løs-heds-un-der-støt-tel-se. Un hupata mkazo wa pili, dhaifu zaidi. Silabi nyingine hupita haraka, na zile zenye e hafifu, kama -tel-se, karibu zimezwe. Angalia, nimesema sehemu ya kwanza, si silabi ya kwanza. Universitet ina mkazo kwenye -tet, basi universitetsbibliotek (maktaba ya chuo kikuu) nayo mkazo wake mkuu hubaki hapo hapo.

Kuna pia stød, ule mbano wa koo ndani ya silabi. Neno sol (jua) linao. Katika solskin (mwanga wa jua) sol huupoteza. Wanafunzi wengi huubeba ule wa neno pekee hadi ndani ya neno ambatani, na hapo sikio la Mdenmaki husikia maneno mawili.

Hilo si jambo la urembo wa lafudhi tu. En dansk LÆrer ni mwalimu ambaye ni Mdenmaki. En DANSKlærer ni mwalimu wa Kidenmaki, hata akiwa mzaliwa wa Tanga. Katika maandishi nafasi moja tu huyatenganisha, na hata Wadenmaki wenyewe hukosea kuiweka pasipotakiwa.