Chaza wabichi na bourbon New Orleans: glasi haitakukinga

Kwenye kaunta ya chaza pale New Orleans, jimbo la Louisiana, Marekani, mfunguaji anachomeka kisu butu kwenye bawaba ya gamba, anazungusha mkono mara moja, na chaza anatua mbele yako akiwa bado na maji yake ya chumvi. Jirani yako anamdondoshea pilipili ya chupa, anammeza, anashushia bourbon, wiski ya Marekani. "Hii inaua kila kitu," anakwambia.

Haiui. Naanza na dhana hii kwa sababu ndiyo inayoweza kukulaza hospitalini. Bakteria wa kuogopwa zaidi kwenye chaza wa Ghuba ya Meksiko ni Vibrio vulnificus. Hatokani na uchafu wa jikoni. Makazi yake ni maji ya chumvi yenye uvuguvugu, na chaza, ambaye hula kwa kuchuja maji, humkusanya mwilini. Chaza wa namna hiyo hanuki, wala rangi na ladha yake hazibadiliki. Wiski yako nayo ikifika tumboni imeshazimuliwa na maji na chakula, haina makali ya kuua kitu. Pilipili na limau ni vivyo hivyo. Kinachoua ni moto.

Mwenye afya njema akiambukizwa, mara nyingi huharisha na kutapika, basi. Mwenye ugonjwa wa ini ndiye aliye hatarini hasa: bakteria huweza kuingia kwenye damu, na takriban mgonjwa mmoja kati ya watano wa vulnificus hufariki. Kwa hiyo yule mnywaji wa miaka mingi, anayeiamini glasi kuliko wote, ndiye asiyepaswa kugusa chaza mbichi. Tangazo la onyo hilo linatakiwa kisheria kwenye migahawa ya Louisiana inayouza chaza wabichi. Lisome kabla hujaagiza.

Zipo dhana nyingine. "Kula chaza kwenye miezi yenye herufi R." Hapo ni miezi ya Kiingereza, Septemba hadi Aprili, kwa Kiswahili tungebaki na Januari, Februari na Aprili tu! Kanuni ina chembe ya ukweli, kwani maji ya joto huzidisha bakteria. Ila Septemba na Oktoba maji ya Ghuba bado yana joto, na hata baridi ikiingia, hatari hupungua tu, haiishi.

"Bourbon Street imepewa jina la wiski." La, ni jina la ukoo wa kifalme wa Ufaransa. Mtaa huo wa New Orleans ulichorwa 1721, kabla wiski hiyo haijajulikana.

"Isiyotoka Kentucky si bourbon." Sheria inataka itengenezwe Marekani, jimbo lolote, kwa nafaka ambazo angalau asilimia 51 ni mahindi, na ikae kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichounguzwa ndani. Mkenya aliyekulia karibu na busaa hatashangazwa na hayo mahindi.

"Wiski haiendi na vya baharini." Hapa ni suala la ulimi, na wangu unakataa. Waagize chaza waliochomwa juu ya moto kwa siagi, kitunguu saumu na jibini, hadi kingo zijikunje. Ule utamu wa vanila na moshi ambao bourbon huutoa kwenye mbao unakaa vizuri sana na siagi hiyo. Omba na mkate, wa kuchovya kinachobaki kwenye gamba.