Mvua ikikatika, mlima bado unakunywa

Watu huniuliza: mvua kiasi gani ndiyo huporomosha mlima? Mimi hutazama zaidi maji yaliyokwisha kuingia ardhini, maana hayo ndiyo yanayoamua.

Shika mchanga mkavu: unamwagika. Ulowanishe kidogo, unashikana. Ujaze maji, unateleza wote. Mlimani ni vivyo hivyo. Unyevu kidogo huzivuta chembe za udongo pamoja. Maji yakijaza kila uwazi, mvuto huo hutoweka na shinikizo lake huanza kuzisukuma zitengane. Mhandisi wa udongo Karl Terzaghi alilifafanua hilo miaka ya 1920: msuguano hutegemea chembe zinavyokandamizana, na shinikizo la maji hupunguza mkandamizo huo. Kwenye mteremko wa mchanga usio na mshikamano, maji yakipanda mpaka juu huku yakitiririka sambamba na mteremko, uthabiti wake hupungua karibu nusu. Karibu nusu! Na uzito wa udongo uliolowa umeongezeka.

Ninapohofia zaidi ni pale udongo unaopitisha maji upesi umelalia mwamba au udongo wa mfinyanzi. Maji hushuka, hukwama hapo, hujikusanya.

Kwa hiyo tunazamisha piezomita, bomba jembamba la kupimia shinikizo la maji ardhini, lenye matundu upande wa chini. Nashusha utepe wenye kihisi. Ukigusa maji unalia, nami nasoma kina. Kila mita ya maji yaliyotulia juu ya matundu ni shinikizo la takriban kilopaskali 9.8. Kipimo kimoja hakinitoshi, nataka mwenendo. Maji yaliyokuwa mita nne chini ya uso wa ardhi yakifika mita mbili, nashtuka hata kama jua linawaka. Mfinyanzi hupitisha maji polepole mno, hivyo kilindini shinikizo huweza kuendelea kupanda siku kadhaa baada ya mvua kukatika, wakati watu wameshaanza kurudi majumbani. Siku hizo ndizo ninazoziogopa.

Bomba nalo huona pale lilipo tu. Njia iliyoachwa na mzizi uliooza, hatua chache pembeni, inaweza kupitisha maji bila bomba kujua. Ndiyo maana natembea mteremko mzima nikitafuta chemchemi mpya, au ya zamani iliyogeuka tope ghafla, na nyufa huko juu. Nimewahi kuinamia ufa ambao mizizi ilikuwa imetanda kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, imekazika kama kamba. Tulipigilia vigingi viwili, kimoja kila upande, tukawa tunapima umbali kila asubuhi. Umbali huo ukiongezeka kwa kasi, siendi tena kusoma bomba. Nasema watu wahame, saa hiyo hiyo.