Programu moja ya kuchorea kazi yote ya ndani ya nyumba: yanayosemwa na yaliyopo

"Dada, kwenye picha naona droo tatu, kwenye karatasi ya kukata kuna nne. Nifuate ipi?"

Fundi aliniuliza hivyo kwenye karakana yake ya Keko, Dar es Salaam, simu mkononi, penseli sikioni. Kosa lilikuwa langu. Ramani ya jiko niliichora kwenye programu moja, picha ya kumwonyesha mteja kwenye nyingine, na orodha ya mbao nikaiandika kwa mkono. Mteja alipoomba droo moja itolewe, niliitoa kwenye picha. Kwenye orodha nikasahau.

Tangu siku ile kazi zangu nazichora ndani ya SketchUp, programu ya kuchora vitu kwa pande tatu kwenye kompyuta, kuanzia nikitoka kupima chumba hadi karatasi anayoshika fundi. Nikiwaambia wenzangu, nusu wanacheka kwamba hicho ni kitu cha kuchezea, na nusu wanadhani nimepata mashine ya miujiza. Wote wana haja ya kusikia yafuatayo.

"SketchUp ni ya kuchezea, michoro ya kazi ni ya AutoCAD"

Sifa hii ina chimbuko lake. Programu ilitoka mwaka 2000, ikiwa ya kampuni ndogo ya @Last Software, mjini Boulder, jimbo la Colorado nchini Marekani. Google ikainunua mwaka 2006 na kutoa toleo la bure, na wengi wetu tuliijulia hapo, tukichora vijumba vya maboksi vya kuweka kwenye Google Earth. Mwaka 2012 ikahamia Trimble, kampuni inayojulikana kwa vifaa vya upimaji. Watu walikumbuka vijumba, hawakurudi kuangalia kilichoongezwa.

Kilichoongezwa ni LayOut, programu ya kupanga michoro kwenye kurasa za kuchapa, inayokuja na toleo la kulipia la Pro. Ukishachora jiko kwa vipimo halisi, unalikata kwa bapa la mkato ili ndani paonekane na kuhifadhi kila mwonekano: juu, ukuta wa sinki, ukuta wa jokofu, mwingine wenye soketi na swichi peke yake. LayOut inaipokea mionekano hiyo kwenye karatasi ya A3 kwa skeli ya 1:20, nawe unaweka vipimo na maelezo. Fundi seremala hajawahi kuniuliza mstari ule umechorwa na programu gani. Anauliza kina cha kabati.

Ukipewa jengo la ghorofa lenye wahandisi watatu wanaopishana kwenye dari moja, hapo Revit au Archicad, programu za kusanifu majengo, zina faida ambayo sitaibishia. Mimi nafanya majiko, vyumba vya kulala na maduka madogo. Msanifu akinitumia faili la DWG, lile la AutoCAD, naliingiza na kuendelea.

"Ukibadilisha sehemu moja, kila mahali panajibadilisha"

Hii ndiyo inayowaumiza watu, kwa sababu nusu yake ni kweli.

Tuseme una milango kumi na miwili ya kabati. Ukiichora mmoja na kuugeuza kuwa komponenti, kisha ukanakili, ile kumi na miwili ni ndugu: badilisha kitasa cha mmoja, vyote vinabadilika. Lakini ukitumia kundi la kawaida, au ukinakili mistari mitupu, kila mlango unaishi maisha yake. Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Utajua saa sita usiku, ukifungua mlango mmoja mmoja kurekebisha kitasa huku mteja anataka faili asubuhi.

Hata komponenti inaweza kukugeuka. Umerefusha mlango wa chini, na ule wa juu ya jokofu, ambao ulikuwa nakala yake, nao umerefuka na kutoboa dari. Ulipaswa kuutenga kwanza uwe wa pekee. Programu haijui kwamba mmoja uko juu na mwingine chini. Imetii tu.

Upande wa LayOut pia, mabadiliko hayafiki mpaka uiambie isome upya modeli, yaani ule mchoro wa SketchUp. Na vipimo ulivyoweka vinashikilia nukta za mchoro. Ukiifuta ile pembe na kuichora tena, kipimo kinabaki kinaning'inia, kikionyesha namba ya zamani. LayOut inakuwekea alama kwamba uzi umekatika, ila ukiwa na haraka alama ndogo huioni. Mimi kila ukurasa naukagua kwa kalamu kabla ya kuutuma, kama mwalimu anayesahihisha.

"Programu itanihesabia mbao"

Itakuhesabia vipande. Mbao ni hesabu nyingine.

Chukua makabati saba ya chini. Kila moja lina mbavu mbili za milimita 720 kwa 560, jumla mbavu 14. Karatasi ya MDF, ubao wa nyuzi za mti zilizobanwa, ni 2440 kwa 1220. Ukigawa eneo la karatasi kwa eneo la ubavu mmoja unapata saba na kidogo, kwa hiyo karatasi mbili zinatosha. Ndivyo nilivyomwambia mteja mmoja. Sasa panga vile vipande kwenye karatasi yenyewe: kwa urefu vinaingia vitatu, kwa upana viwili. Sita. Cha saba hakiingii hata ukigeuze vipi, kinachobaki ni vitepe vyembamba. Mbavu 14 zinakula karatasi tatu. Msumeno nao unakula milimita tatu hivi kila unapopita, na kama mbao ina mistari ya mti, huruhusiwi kulaza kipande upande wowote utakao, la sivyo milango itaonekana kama imetoka kwenye majiko mawili tofauti.

Kuna programu-jalizi, yaani programu ndogo ya kuongezea, ya bure, iitwayo OpenCutList inayofanya kazi ndani ya SketchUp. Inasoma vipande moja kwa moja kutoka kwenye modeli, inaacha nafasi ya kinacholiwa na msumeno, inaheshimu mwelekeo wa mistari na kuchora jinsi ya kukata kila karatasi. Tangu niianze sijahesabu mbao kwa eneo tena. Lakini inasoma ulichochora: ukichora kabati kama boksi moja lisilo na mbavu wala mgongo, itakuletea boksi.

"Picha ikipendeza, kazi imekwisha"

V-Ray na Enscape, programu za kutoa picha zinazofanana na za kamera, zinafanya kazi juu ya modeli ileile, kwa hiyo picha na karatasi ya fundi havipingani tena. Hilo ni jema. Ubaya ni kwamba picha inaweza kusema uongo kwa sauti nzuri sana.

Mfano wangu ni jua. Usipoiambia SketchUp uko wapi, inaweka vivuli vya Boulder, mji wa programu yenyewe, nyuzi 40 kaskazini mwa ikweta. Huko jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Dar es Salaam iko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta, na mwezi Juni jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Niliwahi kumwonyesha mama mmoja sebule yake yenye kivuli kizuri mchana kutwa, madirisha yakitazama kaskazini, tukachagua pazia jepesi. Ulipofika Juni alinipigia simu: "Mwanangu, njoo ukae kwenye hili kochi saa saba mchana, halafu uniambie." Kuweka mahali halisi kwenye modeli ni kazi ya dakika moja.

Na rangi. Kwenye picha unaweka mwanga wa kelvini 3000 (kipimo cha rangi ya mwanga), wa manjano, ukuta wa krimu unapendeza. Mteja anakwenda dukani ananunua balbu nyeupe za 6500, na krimu ile inageuka ya kijivu kama maji ya mchele. Hakuna programu itakayokuokoa hapo. Paka kipande cha ubao, kipeleke nyumbani kwake, kitazame usiku.

Kuhusu bei nisichukue muda. Toleo la bure la kwenye kivinjari halina LayOut, halipokei programu-jalizi, na masharti yake hayaruhusu kazi ya malipo. Leseni ya kununua mara moja ilisitishwa mwaka 2020. Sasa unalipia kwa kipindi, nami naiingiza kwenye bei ya kazi kama nauli. Asiyeweza aangalie Blender, ambayo ni ya bure hata kwa biashara, ingawa kwa karatasi za vipimo itamtoa jasho.

Mikataba, risiti na deni la mteja havimo ndani ya SketchUp, na sitaki viwemo. Hivyo viko kwenye jedwali na daftari.

Kuna jambo moja ambalo modeli moja haikulitatua. Faili likishatoka kwangu linakwenda WhatsApp, na kwenye simu ya fundi yanakaa matatu yenye jina lilelile. Sasa kila ukurasa una tarehe na namba ya toleo kwenye kona ya chini, kwa herufi kubwa. Wiki iliyopita nilimkuta fundi huko Keko anakata kwa kutumia toleo la pili, na mimi niko la nne. Tuliokoa karatasi moja ya MDF.