Gadi za trela: kayaki ya tanga ikalie wapi

Chombo kikipwelewa huwekewa gadi, yaani magogo au mbao za kukiegemeza kisilale ubavu. Gadi za trela ni ndugu wa hizo: vikalio viwili, mara chache vitatu, vyenye umbo la V au la bakuli, vilivyofungwa juu ya fremu ya trela ili kayaki, yaani mtumbwi mwembamba, ivilalie safarini. Tofauti ni kwamba gadi ya ufukweni hushika chombo kilichotulia. Ya trela hushika chombo kinachorushwa kila tairi linapoingia shimoni, na kila mrusho huzidisha uzito unaotua pale kayaki ilipogusa.

Kosa la kawaida ni kufunga gadi pale zilipo paipu za kukingama za trela, kwa kuwa ndipo matundu ya bolti yalipo. Trela nyingi ndogo zimetengenezwa kwa mashua fupi na nzito. Kayaki ya tanga ni ndefu na nyepesi. Hobie Mirage Tandem Island, kwa mfano, ina urefu wa takriban mita 5.6. Ukiiweka juu ya paipu zilizoachana mita 1.5, mita mbili na ushei hubaki hewani kila upande, zikipiga juu chini kama mkia. Bodi yenyewe ni plastiki ya polietilini, na plastiki hiyo hulegea kwenye joto na hukubali umbo lolote ikigandamizwa muda mrefu. Ndiyo maana tumbo la kayaki huingia ndani likafanya bonde mahali gadi ilipokaa vibaya, hata kama haikupigwa na kitu.

Kipimo cha kuanzia ni moja ya tano ya urefu kutoka kila ncha. Kayaki ya mita 5 iwe na gadi moja mita 1 kutoka omo, yaani ncha ya mbele, na nyingine mita 1 kutoka tezi, yaani ncha ya nyuma. Katikati kubaki mita 3. Hesabu ya boriti iliyolala juu ya nguzo mbili huangukia karibu na hapo: sehemu ya kati na ncha zinazoning'inia hupokea mkunjo unaokaribiana, kwa hiyo hakuna panapoonewa. Lakini kayaki si boriti. Ina tundu la pedali, tundu la mlingoti, vifuniko vya sehemu za mizigo, na uzito wake haujagawanyika sawa. Kwa hiyo itafute kwanza nukta ya mizani: ilaze juu ya paipu moja kwenye nyasi, isogeze mpaka itulie bila kuangukia upande wowote, kisha bandika utepe hapo. Gadi mbili ziwe na umbali sawa kutoka kwenye utepe huo ili kila moja ibebe nusu.

Baada ya kipimo, bodi ndiyo yenye neno la mwisho. Sogeza gadi sentimita kumi au ishirini mbele au nyuma mpaka ikutane na sehemu ngumu: penye ukuta wa ndani, penye mifereji iliyoumbwa kwenye plastiki, au pale tumbo linapopinda kuelekea ubavuni. Bonyeza kwa kiganja ukipita kutoka omo hadi tezi. Panapobonyea kama chupa tupu ya maji si pa kuweka gadi. Usiweke gadi chini ya tundu la pedali, wala usitegemee vitundu vya kutolea maji kubeba kayaki barabarani. Kuta za vitundu hivyo ni nyembamba, na ufa ukianza hapo maji huingia ndani ya bodi bila kuonekana.

Kama paipu za trela haziruhusu nafasi hiyo, usiibane kayaki ifuate trela. Funga vyuma viwili vya mraba kwa urefu wa trela, juu ya paipu zilizopo, kwa bolti za U. Gadi zitateleza juu yake mpaka utakapo.

Umbo la gadi lina kipimo chake rahisi. Paka chaki kwenye sponji ya gadi, teremsha kayaki polepole, kisha inyanyue moja kwa moja juu bila kuiburuta. Tazama tumbo. Mstari mmoja mwembamba katikati maana yake mkuku, yaani uti wa chini ya tumbo, unabeba kila kitu. Alama mbili kali pembeni maana yake kingo za gadi zinauma. Unachotaka ni mabaka mawili mapana, kulia na kushoto kwa mkuku. Gadi yenye upana wa sentimita 10 hadi 15 hugawa mzigo vizuri kuliko ubao wa sentimita 4. Sponji iwe ngumu, isiyonyonya maji. Zulia hupendwa kwa urahisi wake, ila hushika mchanga na chumvi, na baada ya safari chache hugeuka msasa.

Gadi ya tatu katikati huonekana kama usalama zaidi, na mara nyingi huleta madhara. Ikizidi kimo kidogo tu, kayaki hubembea juu yake na uzito wote huhamia hapo. Ukiihitaji, funga kwanza mbili za pembeni, weka kayaki, kisha pandisha ya tatu mpaka kipande cha karatasi nene kipite kwa shida kati yake na tumbo. Ikaze hapo hapo.

Mikanda ipite juu ya gadi, si kati yake. Mkanda uliokazwa katikati huvuta bodi chini mahali pasipo na kitu cha kuipokea. Mkanda wa bizimu unatosha. Ule wa racheti, unaokazwa kwa mkono wa chuma, una nguvu ya kuponda plastiki kabla mkono haujahisi. Omo na tezi zipate kamba za kuzuia kuyumba, zisivutwe kama nyuzi za gitaa. Mlingoti, usukani na mirengu ya pembeni ving'olewe vifungwe peke yake.

Kisha pima uzito kwenye ndoano ya gari. Trela na mzigo wake vikiwa kilo 200, kilo 10 hadi 20 zikae hapo; mizani ya bafuni chini ya kipande cha mbao hutosha kupima. Ukipungua, trela huyumba kwa kasi. Sogeza gadi zote mbili pamoja, au ekseli, usisogeze gadi moja ukavuruga mizani ya kayaki. Angalia na springi: trela ya kubeba kilo 300 ikipewa kayaki ya kilo 80 haibonyei, huruka. Kupunguza jani moja la springi, kama fundi ameridhika, huokoa tumbo kuliko sponji yoyote.

Ukifika, legeza mikanda, hasa juani. Bonde likishatokea, ondoa mzigo, anika kayaki juani au mwagia maji ya moto, na usukume kutoka ndani kwa kiganja. Likirudi baada ya safari inayofuata, mahali pale pale, gadi bado haijakaa panapostahili.