Skripti ya kusasisha seva haina majibu mawili tu

Wiki hii nimeletewa tena skripti ya kusasisha seva inayomalizia kwa exit 1 (msimbo wa kutoka, yaani namba ambayo programu huiacha ikimaliza) kila kinapoharibika kitu, chochote kile. Ni ya ofisi moja ya safari za watalii hapa Arusha. Aliyeiandika ni kijana makini, na alinijibu kama walivyonijibu wengi kabla yake: "Kaka, sifuri ni nzuri, isiyo sifuri ni mbaya. Zaidi ya hapo kuna nini?"

Kuna mengi. Msimbo wa kutoka hausomwi na mtu. Unasomwa na systemd inayoendesha huduma za Linux, na Ansible inayosimamia seva nyingi kwa pamoja, na mfumo wa uangalizi, tena usiku wa manane wakati sisi tumelala. Ukitoa 1 mtandao ukikatika, 1 diski ikijaa, na 1 dpkg (kisakinishi cha vifurushi vya programu) ikiachwa nusu, ni mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" halafu akanyamaza. Mtandao ukikatika, inatosha kusubiri na kujaribu tena. Diski ikijaa, ukijaribu hadi asubuhi hupati kitu. Kifurushi kilichosakinishwa nusu kinataka mtu aamshwe.

Ndiyo maana kabla ya kuchagua namba najiuliza: aliyeiita skripti hii afanye nini sasa? BSD, mfumo wa familia ya Unix, ilishaweka orodha nzuri katika faili la sysexits.h, kuanzia 64 hadi 78. Humo 75 ni tatizo la muda, 77 ni kukosa ruhusa, 78 ni usanidi uliokosewa. Nazitumia hizo. Kuanzia 126 ziachie sheli, yaani programu inayopokea amri, kama bash: 127 ni amri isiyopatikana, 137 ni mchakato uliouawa kwa ishara ya 9. Na usipite 255, maana katika bash exit 256 hutoka kama 0.

Kinachonikera hasa ni kudhani kwamba zana tunazoziita zinaelewana. Chukua dnf, inayosasisha vifurushi kwenye Rocky Linux, na apt-get ya Ubuntu. dnf check-update ikirudisha 100, hakuna kilichoharibika: inasema masasisho yapo. apt-get ikirudisha 100, imeshindwa. Namba ni ileile! Mtu anahama kutoka Ubuntu kwenda Rocky Linux, anabadilisha amri tu katika skripti yake bila kugusa maana ya namba, kisha kengele inalia kila masasisho yanapopatikana. Haichukui muda, watu wanaizima.

Kubaya zaidi ni kule kwenye ukimya. apt-get update ikishindwa kupakua orodha kwa sababu ya mtandao, inaweza kuandika onyo, ikatumia orodha za zamani na kurudisha 0. Skripti inasonga mbele, haioni kipya, inaaga kwa furaha. Seva inakaa bila viraka vya usalama huku ubao wa uangalizi ukiwa kijani kitupu. Kwa ofisi ambazo intaneti hupotea kila umeme unapokatika, hili linatokea. Kwa apt za karibuni ongeza --error-on=any, halafu skripti yako irudishe 75. Na ukiandika sasisha.sh | tee sasisha.log, unachopokea ni jibu la tee, amri inayonakili matokeo kwenye faili, ambayo karibu kila mara imefaulu. Weka set -o pipefail, ili kushindwa kwa sasisha.sh kusifichwe.

Pana jambo moja ambalo bado linanisumbua: masasisho yamekamilika, ila seva inahitaji kuwashwa upya. Hayo ni mafanikio au la? zypper, zana ya masasisho ya openSUSE, hurudisha 102. Windows Installer hutoa 3010, namba ambayo Linux haiwezi kuibeba. Nikirudisha 0, faili la /var/run/reboot-required linakaa pale bila kuangaliwa na yeyote, na kernel (kiini cha mfumo) ya zamani inaendelea kufanya kazi. Nikirudisha kingine, systemd inahesabu kazi nzima imeshindwa. Na seva ya uhifadhi wa safari haizimwi ovyo Julai na Agosti, wageni wakiwa wengi. Kwa sasa narudisha 102, naandika SuccessExitStatus=102 kwenye faili la huduma ili systemd iihesabu kuwa mafanikio, na mfumo wa uangalizi unaisoma kama onyo la njano. Sina hakika kwamba ni sahihi, kwa sababu atakayeiita skripti hiyohiyo nje ya systemd ataona kushindwa ambako hakupo.